Landowska na ile hapsikodi yake nzito, mbona tunamwonea?

Kwa wapenzi wa muziki wa kale wa Ulaya kuna hukumu moja inarudiwa kila mara: Wanda Landowska, mpiga hapsikodi (kinanda cha nyuzi kilichotumika Ulaya kabla ya piano) mzaliwa wa Poland, alipiga muziki wa Bach, yule mtunzi Mjerumani wa karne ya 18, kwenye chombo kisicho sahihi, eti ile hapsikodi yake ya Pleyel ilikua piano iliyojificha ndani ya hapsikodi, kwahiyo rekodi zake tuzisikilize kama kumbukumbu tu. Nimeifikiria sana hii hukumu. Ukweli upo ndani yake ila naona yule mama anaonewa.

Hapsikodi haigongi nyuzi kama piano, inazidonoa. Ukibonyeza kitufe kijiti cha mbao kinapanda, na ncha yake ambayo zamani ilikua ya unyoya wa kunguru inauchuna uzi, fikiria kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarab, ila kati ya kidole na risha kuna mtambo wa vijiti. Ndo maana ubonyeze taratibu au kwa nguvu sauti inatoka karibu ileile, ufundi mkubwa uko kwenye kujua uiachie noti saa ngapi. Mafundi wa zamani walitumia mbao nyembamba ili boksi zima liitikie. Sasa Pleyel, kiwanda cha piano cha Paris, mwaka 1912 kikamtengenezea Landowska dude zito, ncha za ngozi, pedali saba za kubadilisha sauti hukohuko katikati ya kipande, seti ya nyuzi zinazolia oktavu nzima (noti nane) chini (hii sio uzushi mtupu, Hass, fundi wa zamani wa Hamburg, aliiweka kwenye hapsikodi yake ya 1740), na baadae fremu ya chuma. Gustav Leonhardt, mpiga hapsikodi Mholanzi wa kizazi kilichofuata, alipoanza kupigia vyombo vilivyojengwa kwa kuiga vya zamani, kama kile fundi Mjerumani Martin Skowroneck alichomjengea mwaka 1962 kwa mfano wa hapsikodi ya 1745 ya fundi Dulcken, tofauti ilisikika wazi kabisa. Kila noti inatamka. Hapo sibishani na mtu, hata mimi nikiziweka rekodi zao siku moja, ya Leonhardt ndo inayopumua.

Lakini sahihi kwa ajili ya nani, na mwaka gani? Landowska alianza kuipiga hapsikodi hadharani mwaka 1903, na wakati huo hii haikua kazi ya kumlisha mtu, walioigusa kama Louis Diémer walikua wapiga piano wanaoitoa siku mojamoja. Fundi Arnold Dolmetsch alikua anajenga vyombo vyepesi kama vya zamani, ni kweli, ila kuwa na chombo kizuri sio sawa na kuwa na wasikilizaji waliokata tiketi. Kumbi zilishakua kubwa, masikio yalishazoea piano, na huyu mama akataka hapsikodi isikike mpaka kiti cha mwisho. Alichagua sauti ya kubeba umbali, akalipia kwa ule wepesi tunaoupenda leo, na mimi naona hesabu yake ilikua sawa.

Angalia kilichofuata. Mwaka 1913 anafundisha hapsikodi Berlin kwenye chuo cha muziki, baadae anafungua shule yake Saint-Leu-la-Forêt karibu na Paris, mtunzi Mhispania Falla anamwandikia konseto (kipande cha chombo kimoja na okestra) mwaka 1926, Poulenc, mtunzi Mfaransa, naye anamwandikia yake, na mwaka 1933 anarekodi Goldberg Variations, msururu mrefu wa vipande vya Bach, zote kwa hapsikodi, mtu wa kwanza kufanya hivyo. Alafu kuna herufi moja ambayo mimi siwezi kuiacha. Kila sonata (kipande kifupi cha hapsikodi) ya Scarlatti, mtunzi Mtaliano wa enzi za Bach, leo ina namba inayoanza na K, mpaka 555, na K hiyo ni ya Ralph Kirkpatrick, mpiga hapsikodi Mmarekani aliyeziorodhesha, yaani hata yule anayeicheka Pleyel hawezi kukutajia anapiga sonata gani bila kumtaja Kirkpatrick, na Kirkpatrick alikwenda Ufaransa akiwa kijana kusoma kwa nani? Kwa Landowska. Hawakuelewana kwa kila kitu, na Kirkpatrick alikuja kuipenda njia ya vyombo vya zamani, sawa, ila mlango aliopitia unajulikana.

Kuna rekodi ya Landowska akipiga Scarlatti, ya mwaka 1940 hapo Paris, ile K. 490, itafute. Katikati ya sonata inasikika mizinga ya kutungulia ndege ikilia huko nje na vidole havisimami, mdundo hata hauyumbi. Miezi michache baadae aliikimbia Saint-Leu kwa sababu ni Myahudi, Wanazi wakapora vinanda na maktaba yake, na akashuka New York tarehe 7 Desemba 1941 akiwa na miaka 62. Februari iliyofuata alikaa jukwaani Town Hall, ukumbi wa watu kama 1,500, akazipiga Goldberg zote.

Na alizipiga kwenye Pleyel.