Kesho Naapa Tena (askari wa Roma, mwisho wa mwaka 69 BK)

Kesho ni tarehe 1 Januari. Akida kapita na fimbo yake akitangaza kila mtu aje kanyoa ndevu, siku ya kiapo cha utii kwa Kaisari. Jamani, mdomo wangu umechoka.

Tulianza na Galba, Kaisari aliyemrithi Nero. Nero alipong'olewa, tuliahidiwa kwamba kila askari wa lejioni, vikosi vikubwa vya Roma, atapata dinari 1,250. Walinzi wa Kaisari kule Roma, wanaolala chini ya paa, wao 7,500. Sikununa (naongopa, nilinuna wiki nzima). Lakini mshahara wangu ni dinari 225 kwa mwaka, kwa hiyo hiyo ahadi ni jasho la miaka mitano na ushee. Nikakopa. Galba akaingia, akasema yeye askari huwachagua, hawanunui. Maneno mazuri hayo, akamwambie na anayenidai.

Na hizo 225 msidhani nazishika. Zinatoka kwa mafungu matatu. Tunapanga foleni, karani hata uso hainui: chakula, kata. Viatu, kata. Nguo, kata. Karamu ya Saturnalia, kata. Nyasi kavu, kata.

"Karani, nyasi nakula mimi?"

"Anayefuata!"

Hema moja tuko wanane na nyumbu mmoja, na ni nyumbu peke yake asiyekatwa kitu. Hapo bado akida hujamtoa. Ukitaka likizo, au kukwepa kuchimba mtaro tu, mshike mkono. Usipomshika, vyoo vyote vya kambi ni vyako. Huku huku tulikotupwa sasa, miaka 55 iliyopita, kulikuwa na akida mmoja ambaye askari walimbatiza jina "Lete Nyingine", maana fimbo ikivunjika mgongoni mwa mtu anaita nyingine, nayo ikivunjika anaita nyingine. Askari walipoasi, walimwua. Sisemi kitu mimi. Nasimulia tu.

Basi, Januari mwaka huu kule Mogontiacum, kwenye mto Rhine, tukatakiwa tumwapie Galba upya. Tukavunja sanamu zake. Tumeshavunja, sasa tunamwapia nani? Mtu akasema tuliapie Seneti na watu wa Roma. Seneti! Hata wazee hawakukumbuka mara ya mwisho Seneti kuapiwa peke yake. Tukaapa hivyo hivyo. Usiku huo mbeba tai, yule anayebeba nembo ya lejioni yetu, akapanda farasi mpaka mji wa Colonia kumpa habari Vitellius, jemadari wa majeshi ya Rhine ya chini, akamkuta anakula. Baadaye tulizoea: Vitellius ukimtafuta saa yoyote, anza na mezani. Tarehe 3 tukamwapia yeye. Haki yake nampa, zile hela za likizo aliwalipa maakida kutoka hazina yake. Kwa hilo tu ningemfia.

Nikakaribia kumfia kweli. Galba aliuawa Roma tarehe 15, walinzi wakamweka Otho (huyo mimi simo), na Aprili Otho akashindwa akajichoma kisu. Tukasema yameisha. Wapi! Julai majeshi ya Mashariki yakaja na mtu wao, Vespasian.

Oktoba 24, karibu na Cremona, kaskazini mwa Italia, tukapigana nao usiku kucha. Mwezi ukachomoza nyuma yao, vivuli vyao vikawa virefu, na mafundi wetu wa mitambo wakawa wanapiga vivuli. Mawe yote yanaangukia mchangani. Kulipokucha, lejioni yao ya tatu, ambayo imekaa Syria mpaka ikashika desturi za huko, ikageukia mashariki na kulisalimu jua kwa makelele. Upande wetu mtu akapayuka, "Wanamsalimu Mucianus, jemadari wa Vespasian! Kaja na jeshi jipya!" Jeshi gani? Hakukuwa na hata punda. Lakini habari ikapita mstari mzima kabla sijafunga kamba ya kiatu, watu wakavunjika moyo, tukasambaratika. Nimetumikia miaka kumi na minne, nimekuja kupigwa na watu waliokuwa wanaliambia jua subalkheri.

Ndiyo maana wametutawanya huku Iliriko. Mama watoto kabaki Mogontiacum. Sheria inasema askari hana mke, ila yeye sheria hiyo hajasomewa, na salamu zake zimenifikia juzi: hela ya nguo za watoto iko wapi? Iko kwenye nyasi, mama. Kamuulize nyumbu.

Habari nyingine iliyofika ni kwamba tarehe 19 mwezi huu mapigano yamezuka Roma na hekalu la mungu Jupiter pale kilima cha Kapitoli limeungua lote. Kesho yake Vitellius akauawa. Mwenzangu wa hemani anatetemeka, anasema ni mkosi, mungu katugeuzia kisogo. Mimi namwelewa mungu. Ni yeye tuliyemtaja kila kiapo, sauti hii hii, jina jingine la bwana, na kila mara "mpaka kufa". Ningekuwa yeye ningehama zamani.

Kesho Vespasian. Nani ana wembe? Wangu ulibaki Cremona.