Dirisha la kifungashio limeniponza

Kwa muda mrefu nimeuza viungo vya unga kwenye vifuko vya kaki vyenye kidirisha cha plastiki mbele. Kila aliyeviona alivisifia. Eti vina sura ya asili, halafu mteja anaona anachonunua. Siku moja nikapita kwenye duka lenye rafu inayotazamana na mlango, jua la asubuhi linapiga mpaka ndani, nikakuta binzari manjano yangu imepauka kama vumbi la barabarani. Nikafungua pakti moja palepale. Unga uliogusa dirisha ulikuwa umefifia, lakini nyuma yake kidogo tu kulikuwa na manjano iliyoiva, ileile niliyoifunga kwa mikono yangu. Umbo la dirisha lilikuwa limejichora juu ya unga.

Rangi ya binzari inatokana na kurkumini, na kurkumini haipatani na mwanga. Siwezi kumlaumu aliyeniuzia vifuko. Nilimwambia nataka vizuri, akanipa vizuri.

Ndiyo maana mtu akiniuliza achukue kifungashio gani, mimi humuuliza kwanza bidhaa yake inaogopa nini. Korosho za kukaanga zinaogopa hewa, maana mafuta yake yakikaa na hewa yanageuka uchungu. Unga wa lishe unaogopa unyevu, na unyevu ukiingia, ukungu hauko mbali. Kahawa ina kituko chake: ikitoka kukaangwa inatoa gesi kwa siku kadhaa, kwa hiyo ukiibana kwenye kifuko kisicho na vali, yaani kitundu cha kutolea gesi, kinavimba kama mpira. Wote hawa ningewapa foili, yaani kifuko chenye karatasi ya alumini, hata kama haina mvuto.

Ila foili yenyewe ina ujanja wake. Si kila kinachong'aa ni foili. Vingine ni plastiki iliyopakwa utando mwembamba sana wa alumini. Chomeka tochi ya simu ndani ya kifuko kitupu, ufunike mdomo, uzime taa. Ukiona mwanga unapenya, hata kwa mbali, ujue ni utando tu. Unafaa kwa vitu vinavyouzika haraka, lakini usilipe bei ya foili.

Na hiyo kaki tunayoiita ya asili, hebu irarue. Vifuko vingi vya namna hii vina plastiki ndani, lazima, la sivyo visingezuia unyevu wala kuzibika kwa joto la mashine. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Juni 1, 2019, vifungashio vya vyakula viwandani viliachwa, kwa hiyo kisheria hakuna kosa. Kinachonikera ni kuchora jani la kijani juu yake.

Kuhusu vifuko vya kusimama, sina ugomvi navyo kama unauza supamaketi. Lakini Mfaransa Louis Doyen, aliyevibuni miaka ya 1960, hakuwa anawazia duka la Mangi, kile kiduka cha mtaani. Pale kwa Mangi hakuna rafu ya kusimamia. Bidhaa ndogondogo zinaning'inia kwenye msumari au zimejazana kwenye boksi. Pakti bapa yenye tundu juu inauzika kuliko hicho kinachosimama, na ni ya bei rahisi zaidi. Tena ukiweka gramu hamsini kwenye kifuko cha robo kilo, hakisimami, kinalala kama mlevi. Usiamini gramu alizokutajia muuzaji. Omba kimoja, nenda nacho nyumbani, ujaze bidhaa yako mwenyewe.

Zipu nayo ni tamu kwa korosho, kwa unga ni balaa. Vumbi la pilipili manga likishakaa kwenye mfereji wa zipu, haifungi tena. Likishika pale juu unapobana kwa mashine, pakti inavuja na wewe huoni. Mimi hutumia faneli ndefu inayopita zipu, nafuta mdomo kwa kitambaa kikavu, halafu katika kila fungu natoa pakti moja naizamisha kwenye beseni la maji na kuiminya. Ikitoa mapovu, fungu zima linarudi kwenye mashine.

Vile vya dirisha vilivyobaki nimevijazia magome ya mdalasini. Binzari imehamia kwenye foili yenye stika, na wateja wawili watatu bado wananuna kwamba hawaioni. Nimeweka kichupa cha kioo mezani cha kuwaonyesha, nakirudisha kabatini kila jioni.