Stima ya Saa Nane Usiku

Ijumaa ya Agosti 25, 2023, saa nne kasorobo usiku, stima ilipotea karibu Kenya nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukabaki gizani. Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme, ikanyoosha kidole kaskazini: mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, iliyokuwa ikitoa takribani megawati 270, imezimika ghafla. Wenye mitambo wakajibu kwamba hitilafu ilitoka kwenye gridi, na mitambo yao ikajizima kujilinda. Tangu siku hiyo, kila anayepigia debe makaa ya mawe au nyuklia ana mfano wa kutoa: upepo hauaminiki, saa hii upo, saa ijayo haupo.

Mfano huo mimi nausoma kinyume, na nitaeleza kwa nini. Kwanza tuupe upepo haki yake. Kule Loiyangalani, Marsabit, hewa hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, ikapita kwa kasi juu ya ile nchi kame karibu mwaka mzima. Mitambo 365 imesimikwa pale, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310. Haihitaji meli ya mafuta wala dola za kuyanunulia. Ni sehemu chache duniani zenye upepo kama ule.

Kasoro yake wapinzani wengi hawaigusi, maana wameshikilia ile ya upepo kukatika. Upepo wa Turkana una tabia ya kupamba moto usiku wa manane kuelekea alfajiri, wakati pasi zimezimwa na viwanda vingi vimefungwa. Saa hizohizo mvuke wa ardhini wa Olkaria nao unaendelea kutoka, na jotoardhi ndiyo inayobeba sehemu kubwa zaidi ya umeme wetu. Saa nane usiku, basi, kuna umeme mwingi kuliko wanaouhitaji, na mmoja lazima apunguziwe. Mkataba wa Turkana unataka mnunuzi alipe hata kwa umeme ambao hakuuchukua, kwa hiyo mara nyingi aliyepunguziwa ni Olkaria. Mvuke tuliouchimbia visima kwa gharama kubwa ukaachiwa uende zake hewani. Mkataba huohuo ndio uliotutia hasara mapema: mitambo ilikamilika 2017, nyaya za zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha umeme cha Suswa zikakamilika 2018, na mwenye bili akalipishwa kuchelewa huko.

Sasa tuje kwa makaa ya mawe. Mtambo wa kampuni ya Amu Power uliopangwa Kwasasi, Lamu, ulikuwa wa megawati 1,050. Hoja ya watetezi wake haikuwa ya kipuuzi: makaa yanarundikwa uani na kuchomwa mvua inyeshe isinyeshe, ilhali mabwawa yetu hukauka kila ukame mkubwa ukija. Lakini mkataba wake ulitaka takribani dola milioni 360 kwa mwaka, kwa miaka 25, stima itumike isitumike. Ugonjwa ni uleule wa Turkana, dozi tu imeongezwa. Na makaa ya kuanzia yangetoka Afrika Kusini kwa meli, huku Kitui wakiendelea kuahidiwa kuchimbiwa ya kwao. Juni 2019 Mahakama ya Rufaa za Mazingira ilifuta leseni kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na mwaka 2025 mahakama ya Malindi ikaitupa rufaa ya kampuni. Wavuvi wa Lamu walishinda kwa hoja zao, si kwa huruma ya mtu.

Nyuklia inastahili heshima zaidi. Haitoi moshi, haili ardhi kubwa, na kinu kikishajazwa fueli hukaa mwaka na zaidi bila kujazwa tena. Watu wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kuikataa mwaka 2024, na serikali ikaanza kutazama upande wa Siaya. Mimi tatizo langu liko kwenye hesabu. Kilichozungumzwa kwanza ni megawati 1,000, na mahitaji ya nchi nzima saa za kilele ni kama 2,400. Megawati 270 zilipotoweka usiku ule wa Agosti, nchi ililala gizani. Zitoweke 1,000 kwa mpigo je? Punda wa Lamu hapakiwi nusu ya mzigo kwenye kamba moja. Vinu vidogo vinatajwa, sawa, ila vingi bado viko kwenye michoro. Tena kinu cha nyuklia hupenda kwenda mwendo mmoja usiku na mchana, kwa hiyo saa nane usiku kingesimama kwenye foleni ileile nyuma ya Turkana na Olkaria.

Upungufu wetu uko jioni, jua likishazama na kila nyumba ikiwasha taa na televisheni kwa pamoja. Rais Ruto mwenyewe amekiri kwamba saa hizo baadhi ya maeneo hukatiwa. Hapo panahitaji maji ya mabwawa ya mto Tana yatunzwe yafunguliwe jioni, umeme wa Ethiopia, na betri za kuubeba upepo wa alfajiri hadi saa za magharibi. Bei nafuu ya usiku kwa viwanda ipo tangu 2017, na ningeipanua.

Mashabiki wa upepo nao wana deni. Mradi wa Kinangop ulikufa 2016 kwa sababu wakulima waliukataa. Mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi ya mitambo ya Turkana zilipatikana kinyume cha sheria. Nyaya zile nene zinapita karibu na maboma ya wafugaji yasiyo na hata balbu. Mtu wa pale ukimwambia upepo ni nishati safi, atakuuliza safi kwa nani.

Gridi ikifika megawati 10,000, niiteni tena kwenye mjadala wa nyuklia, nitakuja na masikio wazi. Kwa leo, fedha za kinu ningezipeleka kwanza kwenye betri za Loiyangalani, na waya wa kwanza kutoka hapo uingie Sarima, kijiji kilicho jirani na mitambo, kabla haujafika Suswa.