Makelele kwenye wodi ya njiti yanaumiza watoto

Watu wengi wakiona mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, yuko ndani ya inkubeta wanadhani kile kioo kinamkinga na kila kitu, baridi, vijidudu na makelele pia. Kwa baridi sawa. Kwa kelele hapana kabisa, maana inkubeta yenyewe ina feni inayounguruma mchana na usiku, na sauti ikishaingia mle inazunguka humo humo. Ongeza sasa mtoto anayesaidiwa kupumua na sipapu (CPAP), mashine ya kusukuma hewa, hewa inampita puani muda wote na mapovu yanachemka kwenye chupa ya maji, ukiongeza hewa na kelele inapanda.

Madaktari wa watoto wa Marekani walishaonya tangu 1997 kwamba kelele kwenye wodi hizi isizidi desibeli 45. Watu wawili wakiongea kawaida tu wanafika kama 60! Na vile vimlango vya inkubeta ukivibamiza, huko ndani inaweza kupita 80, mtoto anashtuka, mapigo ya moyo yanabadilika, oksijeni inashuka, alamu nayo inaanza kulia, kelele juu ya kelele.

Mi siilaumu sipapu, mapafu ya hawa watoto hayajakomaa na bila hiyo wengi tungewazika, so asije mtu akasema izimwe. Naongelea kelele za mikono na midomo yetu. Faili linabwagwa juu ya inkubeta, ndugu anagonga kioo na pete eti mtoto afumbue macho, simu zinaita, alamu inalia weee hakuna anayenyanyuka. Maji yakijaa kwenye mipira ya kupitishia hewa ya sipapu yanabubujika karibu kabisa na sikio la mtoto, na kuyamwaga ni kazi ya dakika tu. Najua nesi mmoja anahudumia watoto wengi mno, ndo maana nasema hata sisi wazazi tuambizane, taratibu jamani.

Kinachonitia hofu zaidi ni masikio. Wengi wa hawa watoto wanachomwa jentamaisini kwa ajili ya maambukizi, ni dawa inayookoa ila inaweza kudhuru usikivu, na hapo kelele iko pembeni saa zote. Halafu siku ya kuruhusiwa mtoto anapimwa uzito, mama anapewa tarehe ya kliniki, masikio hayaguswi. Mama, ukipewa ruhusa uliza kipimo cha usikivu kinafanyika wapi na lini, na uliza kabla hujatoka getini.