Shemeji, Mbolea na Kuku wa Mama Mwenye Nyumba

Oda ilikuwa fulana kumi na mbili za kufunga na kutia rangi (tie-dye) za Halloween, ile sikukuu ya Wazungu ya kutishana. Wageni fulani wa kujitolea walikuwa na sherehe yao tarehe 31 Oktoba hapa Mbeya mjini, wakataka rangi ya chungwa, zambarau, nyeusi na kijani cha ndimu. Fulana nyeupe nilizitoa mitumba ya Mwanjelwa. Pale kila muuzaji anaapa kwamba mzigo wake ni pamba tupu, kwa hiyo mimi hutembea na kiberiti. Chomoa uzi mmoja ndani ya pindo, uwashe. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kuganda kitone kigumu, na hiyo rangi ya pamba haiishiki hata uibembeleze.

Nikazifua kwa maji moto, nikaziloweka kwenye soda ashi, yaani magadi yaliyosafishwa, gramu 200 kwa lita 4 za maji, dakika 20, nikakamua. Soda ndiyo inayoilazimisha rangi ishikane na pamba. Kisha unabana fulana katikati na kuisokota kama chapati kabla ya kusukumwa, unaifunga rababendi tatu. Chungwa na zambarau usizilaze jirani, zikichanganyika unapata tope. Weka nyeusi katikati iwe mpaka.

Kwenye kila kikombe cha maji vuguvugu rangi ni vijiko vidogo vitatu, nyeusi mara mbili, na urea kijiko kimoja kikubwa. Ndiyo, urea ile ile ya mahindi. Inasaidia rangi kuyeyuka na kuzuia fulana isikauke haraka, maana upepo wa Oktoba huku ni mkavu, hauna huruma. Nani wa kumwagiza urea kama si shemeji, mume wa dada, mkulima wa Uyole?

Alikuja na kopo. Wakati nasokota fulana ya mwisho, yeye alikuwa ameshapima, ameshamimina kwenye chupa na kutikisa kwa bidii ya mtu anayetaka kusifiwa. Nikashika chupa moja: baridi. Urea ikiyeyuka hupoza maji, nikatulia.

Kumbe alileta CAN, mbolea nyingine ya mahindi, na CAN nayo hupoza maji.

Dalili ya kwanza ilikuwa tundu la kifuniko kuziba. CAN ina chokaa ndani yake, na chokaa haiyeyuki. Inajikusanya mdomoni mwa chupa. Shemeji akaminya. Haikutoka. Akaigeuza aichungulie, akaminya kwa mikono miwili. Kifuniko kikaruka, na nusu kikombe cha rangi ya chungwa kikatua juu ya kuku mweupe wa mama mwenye nyumba, aliyekuwa anajipitia zake mlangoni.

Dalili ya pili ilikuwa harufu. Amonia iliyomo kwenye CAN ikikutana na soda inafukuzwa hewani. Kwa hiyo kila fulana tuliyoimiminia rangi ilijibu kwa harufu ya choo cha stendi. Macho yakatiririka, tukakimbilia nje tukikohoa. Mama mwenye nyumba akatoka ameziba pua kwa khanga, akaenda moja kwa moja hadi kwenye shimo la choo, akalizunguka mara mbili.

"Nani kaita gari la majitaka bila kuniambia?"

"Shikamoo mama," alisema shemeji, vidole vyote vya chungwa.

"Marahaba. Na huyu kuku?"

Kuku alioshwa kwa sabuni, hakubadilika. Manyoya, ngozi na kucha ni protini, na rangi hizi huzipenda hata bila soda. Pamba ndiyo iliyokosa bahati: amonia ya CAN iliila soda, chokaa ikabaki chaki nyeupe juu ya fulana, na amonia hiyo hiyo ikajishikiza yenyewe kwenye rangi kabla pamba haijapata nafasi. Nilizifunika kwenye nailoni na blanketi hadi kesho yake kwa ukaidi tu. Nilipozisuuza, rangi ikaondoka na maji. Chungwa ikawa ya papai changa, zambarau ikapauka, nyeusi ikabaki kijivu chenye aibu.

"Shemeji, si zote ni za kukuzia?" alijitetea.

Wageni wakakataa, na walikuwa na haki. Huwezi kumtisha mtu kwa fulana ya rangi ya ubatizo. Nikazianika. Jioni akapita mama mmoja, mwenyekiti wa kamati ya kitchen party mtaa wa pili, akazishika moja moja, akauliza bei, akabeba zote. Asubuhi akapiga simu: anataka nyingine thelathini, rangi zile zile, zisizidi kukolea hata kidogo.

Nikampigia shemeji. Anasema CAN ipo, ila kwa sasa imepanda bei.