Nani akae bila pesa wakati benki inachunguza?

Binti wa ami yangu anaishi Uingereza. Alipokuja Unguja likizo alimshauri baba yake bili za nyumba azilipe kwa makato ya moja kwa moja: unasaini idhini mara moja, kisha kampuni ya maji au ya intaneti inaidai benki yako kila mwezi na benki inatoa. Ami alikataa palepale. "Mfuko wangu, mkono wangu," alisema, na barazani hakuna aliyempinga.

Khofu yake ina msingi, nitaifikia. Lakini naona makato yanahukumiwa kabla ya kusikilizwa, na kisa kinachotumika sana kuyahukumu ni cha Jeremy Clarkson, mtangazaji wa televisheni wa Uingereza. Mwaka 2007 idara ya kodi ya kule ilipoteza diski zenye taarifa za watu wapatao milioni 25, namba za benki zikiwemo. Clarkson aliona watu wanababaika bure. Akachapisha namba yake ya akaunti gazetini, akisema mwenye kuijua ataweza kumwekea pesa tu, si kumtolea. Januari 2008 akakuta pauni 500 zimetoka: mtu asiyejulikana alimfungulia idhini ya makato. Akakiri hadharani kwamba alikosea.

Wengi huishia hapo. Mimi swali langu ni pesa zile zilikwenda wapi. Zilikwenda Diabetes UK, jumuiya ya hisani inayoshughulikia kisukari. Aliyefanya vile hakupata chochote, kwani kule mtu hawezi kuamka tu akajikusanyia pesa kwa makato. Mkusanyaji huwa taasisi iliyopitishwa na benki, yenye jina na mlango wa kugonga. Tena kuna dhamana. Ukikatwa kimakosa, benki yako inakurejeshea pesa zote papo hapo, halafu benki na kampuni ndio wabaki kuulizana. Kiwango au tarehe ikibadilika unaarifiwa mapema, kwa kawaida siku 10 za kazi. Idhini unaifuta siku yoyote. Kwenye makato ya nchi za sarafu ya yuro, mteja ana wiki 8 za kudai pesa zake bila hata kutoa sababu, na miezi 13 kama hakuidhinisha kabisa.

Tuitazame sasa njia ya ami, yaani simu. Anaandika namba, anaweka namba ya siri, anathibitisha. Akinunua umeme wa TUKUZA, ule wa kulipia kabla ya kuutumia, kwa namba ya mita isiyokuwa yake, umeme ni wa nyumba nyengine. Akipokea ule ujumbe tunaoujua sote, "ile pesa itume kwenye namba hii", siku aliyokuwa kweli anadaiwa na mtu, anatuma. Laini zilisajiliwa upya kwa alama za vidole mwaka 2019 na 2020 na ujumbe ule bado unaingia. Anapokwenda kulalamika jibu la kwanza ni kwamba ametuma mwenyewe, kwa namba yake ya siri. Mkono wake, anaoutegemea kuwa ulinzi, umegeuka ushahidi dhidi yake. Sijaona hoja hii ikipewa uzito wake kwetu, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu mwizi akishazitoa pesa kwa wakala, hakuna wa kumgongea mlango.

Isitoshe, kukatwa tumeshakubali. Mkopo wa simu ukichelewa, pesa inayoingia inapunguzwa kabla hujaigusa. Mkopo wa mtumishi hukatwa kabla mshahara haujafika. Tumeyapokea makato katika madeni, tunayakataa katika bili ya maji.

Hata hivyo ami ana hoja moja ambayo sikuweza kuijibu. Kwake, kama mfereji umetoa upepo mwezi mzima na bili imekuja ile ile, silaha aliyonayo mlipaji ni kuchelewesha mpaka asikilizwe. Makato yanamnyang'anya silaha hiyo. Na mapato ya wengi hayafuati tarehe: Pemba kuna mwaka wa karafuu na mwaka usio wa karafuu, Nungwi hoteli hupunguza watu masika. Makato hayajui msimu. Kwa umeme ninakubaliana naye moja kwa moja: mtu anayenunua kwa kadiri ya alichonacho leo hana haja ya kumpa yeyote idhini. Hata Uingereza, ambako watu hulipa umeme na gesi kwa kiwango cha makadirio kila mwezi, kampuni nyingi zilipoanguka mwaka 2021 zilikuwa zimeshika akiba za wateja, na msimamizi wa sekta, Ofgem, akalazimika kuzilinda.

Kwa hiyo simwambii ami asaini kesho. Benki Kuu ya Tanzania, inayosimamia pia benki za huku, ina kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, nazo zinampa haki ya kulalamika na kujibiwa. Kulalamika na kurejeshewa kwanza ni vitu viwili. Mwenye mshahara mdogo aliyekatwa shilingi 80,000 kimakosa hana wiki tatu za kusubiri uchunguzi. Skuli ya watoto inataka ada Jumatatu.

Nilichomwomba ami ni kwamba fomu ya idhini isichanwe, isomwe. Kama imeandikwa kwamba benki inarejesha kwanza na kuchunguza baadaye, intaneti na king'amuzi aviweke humo, kwa akaunti ya pembeni yenye pesa za bili tu. Kama haikuandikwa, amuulize karani dirishani, na amtake aandike jibu lake.