Wagonjwa wakishatoka thieta, nani anawaangalia?

Ndugu wakiambiwa "upasuaji umekwenda salama" hushusha pumzi, huwapigia simu walioko nyumbani, kisha huanza kutafuta usafiri wa kurudi. Siwalaumu. Ila takwimu zinasema hatari yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Utafiti wa ASOS (African Surgical Outcomes Study), kuhusu yanayowapata wagonjwa wa upasuaji Afrika, uliotoka katika jarida la The Lancet mwaka 2018, ulifuatilia wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Umri wao ulikuwa wastani wa miaka 38 hivi, watu wenye nguvu zao, na bado kiwango chao cha vifo kilikuwa mara mbili ya wastani wa dunia. Kati ya vifo 239, zaidi ya tisa katika kila kumi vilitokea kesho yake au baadaye, mgonjwa ameshatoka thieta.

Sasa fikiria wasio na nguvu hizo. Mtoto mchanga hawezi kusema kifua kinambana. Atalia, kisha atanyamaza, na wodi nzima itashukuru kwamba amelala. Babu akiulizwa hali anajibu "namshukuru Mungu, mwanangu" huku homa inapanda. Usiku akianza kuweweseka na kung'oa dripu, anaambiwa ni uzee tu. Kumbe kuchanganyikiwa ghafla baada ya upasuaji mara nyingi kuna sababu: maambukizi, oksijeni kupungua, hata mkojo kuziba.

Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya ASOS-2, jaribio lililofuata utafiti ule, kwa watu wazima walio hatarini zaidi baada ya upasuaji. Hospitali ziliambiwa mgonjwa wa namna hiyo awekwe kitanda kinachoonekana kutoka meza ya manesi, apimwe mara nyingi zaidi, na ndugu aruhusiwe kukaa naye. Mambo ya akili kabisa, na ya bei nafuu. Vifo havikupungua.

Mimi sishangai. Orodha ile haikuongeza nesi hata mmoja. Chukua chati yoyote iliyoning'inia kitandani usome safu ya pumzi kwa dakika: 20, 20, 20, usiku kucha, na kitanda cha jirani vilevile. Hakuna wodi ambamo watu wote wanapumua sawasawa. Nesi mwenye vitanda thelathini hana muda wa kuhesabu pumzi dakika nzima, basi anaandika namba isiyomletea maswali. (Tunapenda kumwita mvivu. Mkae naye zamu moja.)

Kwa hiyo serikali zinapokata utepe wa thieta mpya, swali langu huwa moja: zamu ya usiku ina manesi wangapi? Na wakati tunangoja jibu, mama abaki na mwanawe, na babu abaki na mtu wake, hata saa za kuona wagonjwa zikiisha. Ila waelezwe cha kutazama, na pakitokea mabadiliko awepo mtu wa kuitwa anayeitika.